Tanbihi ya Arobaini na Saba

Mulinge Nyamai alikufa mwaka wa elfu mbili na tisa, lakini kwenye baraza la naibu wa chifu aliendelea kuhudhuria kuliko watu wengi walio hai.

Jina lake likiitwa, mkewe Kalunde alikuwa anainua mkono kutoka upande wa akina mama na kusema, "Yuko." Naibu wa chifu, bwana Muindi, ambaye siku ya mazishi alishika sepetu mwenyewe, anatia alama na kusonga kwa jina linalofuata. Hakuna aliyecheka. Orodha ya mahindi ya msaada iliandikwa mwaka wa njaa, Mulinge akiwa bado mzima na mdomo wake, na iliandikwa kwa jina la mwenye boma. Kubadilisha jina kulitaka cheti cha kifo, barua ya chifu na safari tatu za Mutomo, na hiyo ya tatu unaambiwa orodha mpya itatoka mwakani. Tumbo halijui mwakani. Basi wajane wa Kyandula waliwajibia waume zao, wajane thelathini na wanane, na kiangazi kikikaza, baraza la Muindi lilikuwa na marehemu wengi kuliko makaburi ya kanisa.

"Alipokuwa hai nilimwita mara tano haitiki," Kalunde alipenda kusema. "Siku hizi anaitika mara moja tu. Kifo kimemfundisha adabu."

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku watu wa bwawa ambalo serikali ilitaka kulijenga mtoni walipokuja na hema jeupe.

Walikuja na viti vya plastiki, soda na mkate, na kipaza sauti ambacho upepo ulikuwa unakinyang'anya maneno. Walitaka kwanza wajue nani wamefika. Muindi hakuwa na orodha nyingine maishani mwake ila ile ya mahindi. Akaifungua, akasoma. Wajane, masikio yao yalishazoea, wakasikia mahindi. "Kiema Kitheka." "Yuko," akasema Ndunge, mjane wa Kiema. "Mulinge Nyamai." "Yuko," akasema Kalunde, akaenda mbele akatia kidole kwenye wino. Kisha mzee mmoja wa tai alizungumza nusu saa juu ya maendeleo. Kalunde alikunywa soda yake polepole, macho yakitafuta lori la magunia. Halikuja. Alirudi nyumbani akamwambia Mbithe, jirani yake, kwamba serikali siku hizi imekuwa kama wachumba wa zamani, inaleta soda kwanza, mengine baadaye.

Mengine yalikuja baada ya miezi minane. Wapima ardhi walipita kando ya mto wakipaka mawe rangi nyekundu. Walipokosa jiwe kwa Kalunde, walipaka saruji ya kaburi la Mulinge. Maji ya bwawa yangefika pale, walisema, na kupita, hadi kwenye mlango wa kanisa. Ekari saba za Kalunde zingekuwa chini kabisa, mahali pa kambare. Kando ya Mulinge walilala watoto wawili waliokufa kabla ya kupata majina ya ubatizo. Kalunde aliikwangua ile rangi kwa panga mpaka akachubua kiganja, na haikutoka.

Alikuwa na miaka sabini na minne, hakuwa na mahali pengine duniani, wala hakutaka mahali pengine. Alitaka azikwe hapo, mkono wa kushoto wa Mulinge, upande aliolala siku zote.

Ndipo wanakijiji wakapata wakili. Alikuwa anaitwa Kilonzo, ana ofisi juu ya duka la dawa za mifugo huko Wote, na alikubali kesi kwa sababu mamake alizaliwa ng'ambo ya mto huo huo. Aliwaeleza kwamba Katiba haikubali watu waamuliwe mambo kama mbuzi. Lazima waulizwe, waelezwe, wajibu. Serikali nayo ilijibu kwamba iliwauliza, na ikaleta orodha mahakamani, watu mia mbili na kumi na wanne, kila mmoja na alama ya kidole chake.

Kilonzo aliisoma orodha ile mara tatu, kisha akamgeukia Kalunde.

"Mwaitu, mama yangu, jina lako limo hapa?"

"Jina langu? Halimo."

"Kweli halimo?"

"Tafuta mwenyewe. Una miwani."

Hakuliona. Alifurahi mpaka akainuka kitini. Akamfanya Kalunde mlalamishi wa kwanza, akamwandikia hati ya kiapo: mimi ni mkazi wa Kyandula, shamba langu litazama, na jina langu halimo katika orodha ya walioulizwa. Kila neno lilikuwa la kweli. Wakili hakuuliza kama alikuwa kwenye hema, na Kalunde aliona si adabu kumjibu msomi swali ambalo hajauliza.

*

Mwaka uliofuata akaja Wacuka.

Wazazi wake walitoka upande wa Murang'a zamani, wakafungua duka la mabati na misumari pale Emali, kwa hiyo Kikamba alikijua cha kununua na kuuzia. Alikuwa mwalimu wa sheria katika chuo kikuu, na alikuwa anaandika makala ya jarida, alisema, jarida la mambo ya Katiba na sheria za umma. Alitaka kujua hasa siku ile ya hema ilikuwaje.

"Nani husoma hilo jarida?" Kalunde aliuliza.

"Majaji, susu," akasema, akimwita bibi kwa Kikamba. "Mawakili. Walimu kama mimi."

"Na mwenye kuzama je?"

Wacuka alicheka kidogo, akaona aibu, akaacha.

Alikaa siku tatu. Kalunde alimpikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, akamwonyesha kaburi na rangi yake. Siku ya pili, wakichambua kunde kibarazani, yule msichana alisema jambo moja linamsumbua. Amelinganisha orodha ya serikali na daftari la mazishi la kanisa. Kuna watu thelathini na wanane walitia kidole na walikuwa wamekufa.

Kalunde aliendelea kuchambua. Alimpenda huyu msichana. Hakuwa na haraka ya watu wa mjini, na kunde zake alikuwa anazichambua vizuri, hatupi nzima pamoja na mbovu. Na siri ikikaa muda mrefu kwa mtu mmoja huwa kama maziwa ndani ya kibuyu, inasukuma kifuniko.

"Kidole cha Mulinge ni hiki," akasema, akainua kidole gumba.

Akamweleza yote, mahindi, safari za Mutomo, soda. Wacuka aliandika, kisha akaacha kuandika.

"Hii usiandike," Kalunde akasema.

"Jina lako sitaliandika, susu."

"Haya."

Wote wawili walidhani wamesema jambo moja.

*

Jarida lilifika mwezi wa pili, nakala mbili. Moja ilikwenda kwa Kilonzo huko Wote. Nyingine Wacuka alimtumia Kalunde kwa mkono wa mhubiri, na barua ndogo ya shukrani ndani yake. Lilikuwa zito, jalada la buluu, halina picha hata moja. Kalunde alisoma mpaka darasa la nne, na Kiingereza chake kiliishia kwenye mlango na dirisha, kwa hiyo alilibeba hadi kwa Mbithe, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja na ambaye bado aliwasahihisha watu wakisali.

Mbithe alivaa miwani. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, akitafsiri anapoona panafaa.

"Anasema kuuliza watu si kuwaita majina. Anasema orodha si sauti. Huyu mtoto anaandika vizuri."

"Nilimpikia."

"Anasema serikali ilihesabu marehemu thelathini na wanane, na kwa hivyo hakuna aliyeulizwa. Kalunde, hii ni silaha. Jaji akisoma hii, bwawa limekwisha."

Kalunde aliketi vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu ile rangi, aliona usingizi ukimjia mchana, usingizi mtamu wa mtu aliyetua mzigo.

"Na hayo madogo huko chini? Kama chawa?"

"Hizo ni tanbihi. Za kuonyesha kila neno alilitoa wapi. Hazisomwi."

"Soma."

"Ni mia moja na kumi na mbili."

"Mwalimu, ng'ombe wako wamekwisha kunywa maji. Huna mahali unaenda. Soma."

Mbithe alisoma, akiruka vitabu na kesi za watu. Arobaini na tano, arobaini na sita. Akafika arobaini na saba. Aliinua jarida karibu na uso, akaliteremsha.

"Soma."

"'Mahojiano na K., mjane wa M. N., mlalamishi wa kwanza, kijiji cha Kyandula. Alieleza kwamba alihudhuria mkutano, akaitika jina la mume wake aliyefariki mwaka wa elfu mbili na tisa, na akatia kidole kwa niaba yake.'"

Nje, mbuzi wa Mbithe alikuwa anasugua pembe kwenye mlango wa bati.

"Jina langu hajaliandika," Kalunde akasema mwishowe.

"La. Ameandika kila kitu isipokuwa jina."

Walimpigia Kilonzo simu hapo hapo. Aliongea kwa furaha kabla hawajasema lolote. Makala amekwisha kuiwasilisha mahakamani, jana, yote, na barua ya maelezo juu yake. Mbithe akamwambia asome chini ya ukurasa wa themanini na tatu. Walisikia karatasi zikifunuliwa.

"Mwaitu," Kilonzo akasema, "ulikuwa kwenye hema?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza jina."

"Na jina nilikujibu."

Karatasi zikafunuliwa tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejituliza mwenyewe, kwamba makala ni kurasa arobaini, wakili wa serikali ana kesi hamsini, na hakuna mtu duniani anayesoma tanbihi.

"Mbithe amesoma," Kalunde akasema.

"Mama Mbithe amestaafu."

*

Wakili wa serikali alikuwa kijana mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Siku ya kesi alisimama na jarida la buluu mkononi, na Kalunde, kwenye benchi ya nyuma, aliona kipande cha karatasi ya manjano kikitoka katikati yake. Alijua kimetoka ukurasa gani. Kilonzo alikuwa amesoma juu. Mwenzake alisoma chini.

Walizungumza Kiingereza, na karani akawatafsiria watu wa Kyandula kwa sauti ndogo, kama anayesengenya.

"Anashukuru wenzake kwa kuleta makala hii. Anasema ni ya utafiti wa hali ya juu. Anasema sasa tunajua mlalamishi wa kwanza alikuwepo. Alikunywa soda. Alisikiliza. Alitia kidole. Sasa anasema hakuulizwa kwa kuwa jina lililoandikwa si lake. Na jina lile alilitumia kwa udanganyifu yeye mwenyewe. Anasema mtu hawezi kuja mahakamani na mikono michafu."

Kalunde alitazama kidole gumba chake. Kilikuwa na masizi ya asubuhi. Alikifuta kwenye leso, akajua amechelewa.

Kilonzo alipigana. Alieleza njaa, alieleza orodha, alieleza upepo na kipaza sauti. Jaji, mwanamke mwenye uso wa kuchoka, alimsikiliza hadi mwisho na kuandika sana. Baada ya wiki sita alisoma uamuzi. Aliisifu makala, akataja jina la Wacuka mara nne. Akasema wajane walikuwa pale kwa miili yao, na Katiba inauliza watu, haiulizi karatasi, basi waliulizwa. Ombi likatupwa. Kisha akavua miwani akamtafuta Kalunde kwa macho.

Karani alinong'ona: "Anasema kwa sababu ya umri wako hatakushtaki. Lakini usimjibie tena marehemu mahali popote pa serikali. Ukirudia, ni jela. Unaelewa?"

"Mwambie nimeelewa," Kalunde akasema. "Mwambie nimemsikia kwa mwili wangu."

Karani hakulitafsiri hilo.

*

Wacuka alikuja juma lililofuata. Aliliacha gari mbali, akatembea, na hakuingia mpaka alipoitwa. Alikuwa amekonda. Kalunde alimpa kiti na maji, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

"Susu, niliandika 'mjane mmoja'," akasema. "Mwanzo niliandika hivyo tu."

"Halafu?"

"Makala kabla haijachapishwa inapelekwa kwa wasomi wawili. Hatuwajui, hawatujui. Mmoja akarudisha. Akasema shahidi asiye na mahali wala cheo si ushahidi, ni hadithi. Akasema nionyeshe ni nani, la sivyo haipiti. Nikaongeza kijiji. Akarudisha tena. Nikaongeza mlalamishi wa kwanza." Alitazama maji kwenye kikombe. "Nilitaka sana ipite. Nilidhani ikipita itawasaidia."

"Na wewe ikakusaidia?"

Wacuka alikiweka kikombe chini. "Wamenipandisha cheo."

Kalunde aliitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu sokoni na kukuta ni ile aliyokisia.

"Nitaandika masahihisho," Wacuka akasema. "Nitaeleza kwamba maneno yale nilipewa kwa siri, na kwamba jaji ameyaelewa vibaya. Mhariri amekubali. Yatatoka katika toleo la Desemba."

"Desemba maji yatakuwa wapi?"

Yule msichana alianza kulia bila sauti. Kalunde alimwacha alie. Hakuwa na hasira kubwa, na hilo lilimshangaza; hasira inataka mtu mbaya, na hapa kila mtu alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Muindi alisoma orodha yake vizuri. Wakili wa serikali alisoma jarida vizuri. Hata yule msomi asiyejulikana, huko aliko, alikuwa amesema tu kwamba maneno yawe na mwenyewe.

"Ukiandika hayo masahihisho," akamwambia mlangoni, "usiweke kitu chochote huko chini."

*

Makaburi yalihamishwa mwezi wa nane. Wanaume wa kampuni walichimba asubuhi, wamevaa glavu, na mchungaji akasoma zaburi. Watoto wawili hawakuonekana. Udongo ulikuwa umewamaliza. Mulinge alikuwepo. Alitosha kwenye sanduku la mbao la urefu wa meza ya kahawa, na Kalunde alishangaa jinsi mtu aliyejaza nyumba kwa makelele alivyokuja kuwa mwepesi.

Watu walipelekwa upande wa Kwa Vonza, kwenye nyika iliyokatwa vipande vipande kwa kamba. Kila boma lingepata kipande. Mwenye makaburi angemzika mtu wake hapo. Hema lilikuwa lile lile jeupe. Karani mmoja wa bwawa aliketi mezani, polisi wawili wakasimama nyuma yake, na Muindi akatoa orodha yake, kwa kuwa bado hapakuwa na nyingine.

"Kiema Kitheka."

"Yuko," akasema Ndunge, akitazama chini. Akatia kidole. Akapewa karatasi ya kipande namba kumi na tisa.

Hakuna aliyemuuliza chochote. Wajane wengine wakafuata, mmoja mmoja, na waume zao wote walikuwepo. Karani alitaka orodha iishe kabla ya chakula cha mchana. Majina yao hayakuwa kwenye tanbihi yoyote.

"Mulinge Nyamai."

Muindi alilisema polepole kuliko mengine. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akamtazama Kalunde, na macho yake yalikuwa yanamsihi kitu ambacho mdomo haukuthubutu. Kalunde alikuwa ameketi juu ya kigoda kando ya sanduku. Karani naye aliacha kalamu. Hilo jina alilijua. Kila mtu wa bwawa alilijua.

"Mulinge Nyamai," Muindi akarudia.

Miaka kumi na tano aliitikiwa hayupo. Leo alikuwa hapa, hatua kumi kutoka mezani.

"Yuko," Kalunde akasema, akaweka mkono juu ya sanduku.

Polisi mmoja alisogea. Karani akainua kiganja kumzuia.

"Mama, ulikatazwa kumjibia."

"Nilikatazwa kumjibia akiwa hayupo. Leo yupo. Njoo umhesabu."

Mtu mmoja kwa nyuma alianza kucheka, akajiziba. Karani alitazama sanduku, akatazama karatasi, na kwa dakika moja ilionekana kama anafikiri. Kisha akasema, bila ubaya, kwamba shamba lipo kwa jina la Mulinge, Mulinge ni marehemu kwa uamuzi wa mahakama, na mrithi itabidi afungue kesi ya urithi. Ikiisha, aje na karatasi.

"Inachukua muda gani?"

"Inategemea. Miaka minne. Mitano."

Akavuta mstari juu ya jina kwa rula, mstari ulionyooka vizuri, na Muindi akasoma jina linalofuata.

Ndunge ndiye aliyekuja kushika upande wa pili wa sanduku. Hakusema kwa nini yeye alipata na mwenzake akakosa, kwa kuwa wote wawili walijua.

"Tumlaze kwangu," akasema. "Pale kwenye kona, kando ya Kiema."

"Kiema atakubali? Walikosana juu ya ng'ombe."

"Kiema ndiye mwenye shamba. Nitamjibia."

Walimzika Mulinge alasiri, kwenye ardhi ngumu iliyotoa cheche chini ya sururu, na hakukubaki nafasi mkono wake wa kushoto. Kamba ya jirani ilipita hapo. Mbithe alikuwa amebeba msalaba wa mbao na kopo dogo la rangi nyeusi. Alichovya brashi, akapiga magoti, akauliza aandike jina lote au herufi mbili tu.

Kalunde alimshika mkono.

"Acha hivyo hivyo, mwalimu," akasema. "Likiandikwa, kuna mtu atalisoma."